Anza na Paa: Jiko la Kuni na Bomba Lake katika Nyumba za Pwani

Mtu akiamua kuweka jiko la kuni lenye bomba la moshi, huanza kuliwaza jiko lenyewe: liwe la matofali au la chuma, liwe na shimo moja la sufuria au mawili, likae kona gani. Bomba hukumbukwa fedha zikiwa zinaelekea kwisha, na paa halikumbukwi kabisa mpaka siku fundi anapopanda juu na mkasi wa bati. Kwa nyumba za Tanga mjini, Muheza, Pangani na Mkinga mpango huo ugeuzwe juu chini. Paa ndilo linaloamua kama bomba litapita au halitapita, bomba ndilo linaloamua jiko likae wapi, na jiko linafuata mwisho. Nyumba nyingi nilizoziona zikirudiwa kazi mara mbili zilianza na jiko.

Kabla ya kwenda kwenye vipimo, tukubaliane kwanza kwa nini tunajisumbua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 ambao hawajafikisha miaka mitano. Anayepika na mtoto mgongoni anavuta moshi ule ule anaouvuta mwanawe, tena kwa saa nyingi kila siku. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo zuri na ninaliunga mkono. Lakini mtungi wa gesi ukiisha tarehe ishirini, mshahara haujatoka, kuni ndizo zinazorudi, na huko vijijini Kigombe au Moa hazijawahi kuondoka. Maadamu kuni zipo, moshi wake utolewe nje ya nyumba.

Bomba linafanya kazi kwa sababu moja tu: hewa ya moto ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani, yenye joto la nyuzi 30, ina uzito wa karibu gramu 1,160. Hewa hiyo hiyo ikipashwa hadi nyuzi 150 ndani ya bomba, uzito unashuka hadi karibu gramu 830. Tofauti hiyo ndiyo inayousukuma moshi juu na kuivuta hewa mpya mdomoni mwa jiko. Kadiri bomba linavyokuwa refu na linavyobaki na joto, ndivyo mvuto unavyoongezeka. Bomba fupi linaloishia chini ya kenchi, kama wanavyoweka wengine kwa kuogopa kutoboa bati, halina urefu wa kuvuta chochote, na moshi wote unabaki kuzunguka darini. Bomba la baridi nalo halivuti. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya kuwasha kuni, inafaa kuchoma karatasi au kiganja cha makumbi makavu karibu na mlango wa bomba, hewa iliyomo ipate joto na ianze kupanda. Ukiruka hatua hiyo, dakika za mwanzo moshi utakutokea usoni na utasema jiko ni bovu.

Sasa paa. Kama jiko lako limeezekwa bati, una bahati. Bati halishiki moto, ila mbao zinazolibeba zinashika. Bomba la bati moja lisilo na ganda la pili lipite umbali wa inchi kumi na nane kutoka kwenye boriti, papi, dari ya mbao au kitu chochote kinachoungua. Wengi wakisikia inchi kumi na nane wanaona ni nyingi, wanaweka nne, na kwa miezi kadhaa hakuna kinachotokea. Hapo ndipo hatari ilipo. Mbao inayopashwa joto kila siku hukauka na kubadilika polepole, mpaka ikafika mahali inashika moto kwa joto ambalo siku ya kwanza isingelishtuka. Nyumba inaungua mwaka wa tatu, na hakuna anayelitaja bomba.

Tundu la kwenye bati likatwe kubwa kuliko bomba, kisha lifunikwe kwa kipande kingine cha bati chenye shingo inayolikumbatia bomba. Tazama fundi anavyokiweka kipande hicho, kwa maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapovuja. Ukingo wake wa juu lazima uingie chini ya bati la juu, na ukingo wa chini ulale juu ya bati la chini, ili maji yateleze bila kupata pa kuingilia. Fundi akikilaza chote juu ya bati na kukizungushia lami, masika ya kwanza yatakuja kumuumbua. Lami inayeyuka kwa joto la bomba, inapasuka kwa jua la Februari, na Aprili maji yanateremka kwa nje ya bomba hadi kwenye jiko.

Paa la makuti ni habari nyingine, na hapa sitaki kuzungukazunguka: usipitishe bomba kwenye makuti. Nimeshaonyeshwa mbinu nyingi, za debe lililojazwa mchanga, za bomba ndani ya bomba, za bati la mraba lililoshonewa katikati ya makuti. Zote zinapunguza hatari ya joto la bomba, na hakuna hata moja inayozuia cheche itokayo juu isirudi kuangukia paa lililokauka kwa kaskazi ya Januari. Kuna wanaolitoa bomba kwa ukutani na kulipandisha kwa nje. Hiyo ni afadhali, lakini upenu wa makuti huwa umeshuka chini kiasi kwamba bomba lazima lisogezwe mbali sana na ukuta ili liupishe, na bado mdomo wake unabaki juu ya makuti hayo hayo. Wazee wa pwani walijenga banda la jiko peke yake, uani, mbali na nyumba ya kulala, nao walijua walichokuwa wanakikimbia. Banda hilo hilo liezekwe bati, hata kama nyumba kubwa itabaki na makuti yake.

Ukuta nao uangaliwe. Ukuta wa tofali au wa mawe unaweza kutobolewa bomba likapita bila shida. Ukuta wa fito na udongo unadanganya, kwa kuwa ukiugusa unaona udongo tu, na ndani yake zimejaa fito, nguzo na kamba. Bomba likipitishwa humo, fito zinakatwa eneo pana kuliko bomba, na pengo lote linajengwa kwa matofali na udongo, kiasi kwamba ncha ya fito iliyo karibu haiwezi kufikiwa na joto.

Bomba likishapita, lipande hadi wapi? Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni rahisi kukumbuka: futi tatu juu ya pale linapotokea kwenye paa, na futi mbili juu ya kitu chochote kilicho ndani ya futi kumi kulizunguka. Kwetu kipimo hicho kina uzito wa pekee kwa sababu ya pepo. Kusi inavuma miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi inakuja Desemba hadi Machi ikitokea upande wa pili. Kwa hiyo hakuna upande wa paa unaoweza kusema umejificha upepo mwaka mzima. Bomba lililotoka upande mmoja na kuishia chini ya mgongo wa paa litavuta vizuri Januari na kutapika moshi ndani Julai, au kinyume chake. Pale Ngamiani, Tanga mjini, nyumba zinapobanana uani kwa uani, angalia na ukuta wa jirani. Akiinua ghorofa mwakani, upepo utajipiga kwenye ukuta wake na kushuka moja kwa moja kwenye bomba lako.

Nilimsikia mama mmoja akimlalamikia fundi wake kwa jambo hili hili.

"Fundi, mbona moshi unarudi ndani? Miezi yote ile haukurudi."

"Bi mkubwa, hiyo kusi. Ikipita itatulia."

"Na mimi nisipike mpaka ipite?"

Bomba lile lilikuwa limeishia futi moja juu ya bati. Liliongezwa kipande kimoja kilichopita mgongo wa paa, na moshi ukaacha kurudi.

Juu kabisa kunawekwa kofia ya kuzuia mvua. Iachie nafasi isiyopungua kipenyo cha bomba lenyewe; ikibanwa sana inakuwa kizibo. Kama kuna paa la makuti lolote jirani, lako au la mwenzio, zungushia pale wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi ili unase cheche. Matundu madogo zaidi huziba kwa masizi baada ya muda mfupi.

Kazi ya kutengeneza bomba lenyewe wanaiweza mafundi bati wetu, wale wale wanaotengeneza majiko ya mkaa, ndoo na mifereji ya maji ya mvua. Kaa kidogo karibu na fundi anayejua. Analipima bati, analichora kwa msumari, anakunja kingo zake mbili kuelekeana, analiviringisha juu ya bomba la chuma, kisha anaumanisha kingo na kuzigonga kwa nyundo ya mbao mpaka mshono unalala. Mwisho wa kila kipande anaufinya kidogo ili uingie ndani ya kipande kinachofuata. Mwambie hivi: ncha iliyofinywa itazame chini, kuelekea jikoni. Wengi wanaiweka itazame juu, wakifuata njia ya moshi, na inaonekana ni sawa. Lakini moshi wa kuni ukipoa ndani ya bomba hugeuka majimaji meusi yenye kunata, na majimaji hayo yanateremka. Ncha zikitazama chini yanabaki ndani na kurudi motoni yakaungua. Zikitazama juu yanapenya kwenye kila kiungo na kuchora mstari wa kahawia kwa nje ya bomba na ukutani, mstari ambao chokaa haiufichi. Kila kiungo kipigwe ribiti tatu, maana bomba refu linatikiswa na upepo.

Kwa jiko la familia, bomba la inchi nne linatosha mdomo wa kuni wa karibu inchi nne na nusu kila upande. Upana usibanwe popote njiani. Kona zipunguzwe, na pale zinapolazimika, kona mbili za nusu ni bora kuliko moja ya mraba. Bomba linalopanda kwa nje ya ukuta liwe na mdomo chini wenye kifuniko, wa kutolea masizi.

Suala la bati la kutumia linahitaji uangalifu. Bati la kawaida limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420. Sehemu inayotoka moja kwa moja kwenye jiko inaweza kukaribia joto hilo moto ukichochewa sana, na mvuke wa zinki humtia mtu homa na kutetemeka. Futi tatu za kwanza ziwe za chuma cheusi kinene, kilichochomelewa, na bati la zinki lianzie hapo kwenda juu. Halafu kuna chumvi ya bahari. Bomba la Raskazone au Kigombe, kando ya bahari, haliwezi kudumu sawa na la Korogwe, mbali na maji. Kwa nje linaliwa na hewa ya chumvi, na kwa ndani linaliwa na moshi wenyewe, ambao una asidi, ikiwemo ile inayoipa siki ukali wake. Anayekaa karibu na maji ajue tangu mwanzo kwamba vipande vya juu vitabadilishwa, na afunge viungo kwa namna ya kufunguka. Tena asichome magogo yaliyoletwa na bahari. Yanapatikana bure, yanawaka vizuri, na chumvi iliyomo inakula chuma kwa kasi kuliko kitu kingine chochote.

Tukifika kwenye jiko lenyewe, kosa la pwani ni jiwe. Mawe ya matumbawe yako kila mahali, ni rahisi kuchonga, na nyumba za kale kuanzia Pangani hadi Tongoni zimejengwa kwayo. Ila jiwe hilo ni chokaa ambayo haijachomwa. Wachoma chokaa wa pwani hii wamekuwa wakilirundika juu ya magogo na kulichoma kwa sababu moto mkali, wa karibu nyuzi 900, huligeuza unga. Ukilitumia kujengea tumbo la jiko, unalianzisha safari hiyo hiyo: linapasuka, linamomonyoka, na kipande kikiruka kikiwa cha moto kinaweza kumfikia mpishi jichoni. Saruji tupu nayo haifai kukaa ndani ya moto, inapoteza nguvu. Kinachofaa ni matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa mchanga, na saruji ibaki kwa lipu ya nje.

Unene usikudanganye pia. Mwaka 1976, baada ya tetemeko kubwa la Guatemala, yalienea huko majiko makubwa ya udongo na mchanga yenye dohani, yakiitwa Lorena. Yaliondoa moshi, na watu wakayapenda kwa hilo. Yalipokuja kupimwa, ilionekana kwamba udongo ule mnene unalimeza joto kwanza kabla sufuria haijapata chochote, hata kuni zilizookolewa zikawa kidogo au zisiwepo. Mwaka 1982 Mmarekani Larry Winiarski akatengeneza jiko la njia nyembamba yenye kuta nyepesi, zinazozuia joto lisitoroke, na majiko banifu mengi ya kuni yanayojengwa Afrika Mashariki leo yametokana na wazo lake. Kwetu wepesi huo unapatikana kwa majivu makavu. Jenga tumbo la jiko kwa tofali, acha nafasi ya inchi chache hadi ukuta wa nje, na uijaze majivu.

Sufuria lazima izame ndani ya shimo, pembeni ikiachiwa upenyo mdogo tu ambamo moto unapita ukiilamba kabla ya kuufuata moshi kwenye bomba. Ikikaa juu juu, bomba linaondoka na joto lako, na wali unachelewa. Hili ndilo lalamiko kubwa la wapishi dhidi ya majiko ya bomba, na mara nyingi wana haki. Fundi awe na sufuria za nyumba ile mkononi kabla hajajenga shimo. Wilayani Monduli, wanawake wa Kimaasai walifunzwa kuwajengea wenzao majiko ya matofali yenye bomba, na nadhani hapo kuna siri kubwa: anayejenga ni mtu anayepika.

Kuna jambo ambalo wauza majiko hawalisemi. Moshi tunaoufukuza ulikuwa na kazi. Mbegu za mahindi zilizotundikwa juu ya mafiga hazikuguswa na fukusi kwa sababu ya moshi. Makuti ya banda la jiko yalidumu kwa sababu wadudu hawakuyakalia. Samaki waliowekwa kwenye uchaga juu ya moto walikauka wenyewe. Ukiweka bomba, mbegu zinahitaji chombo kinachozibwa hewa isiingie, na samaki wanahitaji tanuri lao la kukaushia, nje. Familia isiyoambiwa haya mapema huja kulitoboa bomba kwa msumari ili moshi kidogo urudi darini. Nimeliona hilo, na sikuwalaumu.

Ukipanda Usambara mambo yanageuka kidogo. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na nyumba zake za zamani zina dohani za mawe kwa sababu watu walihitaji kuota moto. Huko, Juni hadi Agosti, bado kuna wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha walale kwa joto. Mkaa hautoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Jiko dogo la chuma lenye bomba linaloishia nje, na tundu la kuingizia hewa chini ya mlango, linaweza kupasha chumba joto. Jiko la mkaa haliwezi kufanywa salama chumbani kwa njia yoyote.

Yanayobaki ni utunzaji. Kuni mbichi za masika ndizo zinazojaza bomba majimaji meusi. Michungwa iliyong'olewa Muheza, mikorosho iliyozeeka na vifuu vya nazi vyote vinafaa vikishakaa mahali pakavu. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya kaskazi, funga gunia lenye mchanga kidogo kwenye kamba ya mkonge, liwe la kubana kiasi, ulipitishe bombani juu hadi chini mpaka masizi yatoke. Bomba lisiposafishwa masizi yenyewe yanaweza kushika moto. Utasikia mngurumo ndani yake na bati litaanza kuwa jekundu. Hapo usimwage maji ndani ya jiko. Watoe watu nje, ziba mdomo wa kuni kwa udongo au gunia lililoloa ili hewa isiingie, na wengine wasimame na ndoo wakilinda paa.

Na kama paa lako ni la makuti, na fedha ulizonazo zinatosha kitu kimoja tu mwaka huu, usinunue jiko wala bomba. Nunua mabati ya kuezekea banda dogo, ulisimamishe uani mbali na nyumba, liache wazi pande mbili, na uhamishie mafiga yako humo. Jiko la matofali na bomba vitakuja mwakani, na vitakuta mahali pake pako tayari.